Benzini ikishatoka mwilini, saratani inatoka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi, nafanya kazi kwenye karakana ambayo kutwa nzima tunashika gundi, thina na viyeyusho vingine. Mwezi uliopita walikuja kutupima mkojo. Majibu yangu yalionyesha asidi ya mukoni imezidi kiwango kidogo, nikaambiwa hiyo ni dalili ya kemikali iitwayo benzini. Msimamizi alitutuliza, akasema hiyo asidi ni benzini ambayo mwili umeshaivunja na kuitoa, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Nami nimesoma kwamba benzini haikai mwilini hata siku mbili. Sasa kama mwili unaivunja na kuitoa haraka hivyo, inawezaje kumletea mtu saratani ya damu miaka mingi baadaye? Na mimi nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wenu kasema kweli, ila kaishia katikati. Asidi ya mukoni ni benzini iliyovunjwa, na ni kweli inatoka na mkojo ndani ya saa chache. Alichokiacha ni kwamba benzini ikiwa nzima haina nguvu kubwa ya kudhuru seli zinazotengeneza damu. Zinazozidhuru ni kemikali ambazo benzini hugeuzwa kuwa, ikiwa njiani kutoka. Ukiambiwa mwili wako umeivunja, maana yake umeambiwa kwamba hatua ile yenye hatari imeshafanyika ndani yako.

Wanasayansi walilijua hili kwa majaribio. Mwaka 1979 ilionekana kwamba panya waliokatwa sehemu ya ini kabla ya kupewa benzini walidhurika kidogo kuliko wenzao wenye ini zima. Mwaka 1996 wakatumika panya waliotengenezwa bila jeni ya kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho ndicho mvunjaji mkuu wa benzini. Panya hao walivuta mvuke wa benzini kwa kiwango kilichoharibu damu ya panya wa kawaida, na damu yao haikuharibika. Kama benzini yenyewe ndiyo ingekuwa mwuaji, panya wasioweza kuivunja ndio wangeumia zaidi. Mambo yalikuwa kinyume.

Utauliza: basi kwa nini mwili unaivunja? Kwa sababu hauna namna nyingine. Benzini ni pete ya kaboni sita zenye hidrojeni sita, na inapenda mafuta kuliko maji. Ukivuta mvuke wake, karibu nusu inaingia kwenye damu na sehemu fulani inarudi nje kwa pumzi. Inayobaki inajificha kwenye mafuta ya mwili na kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, ambao nao una mafuta mengi. Figo haziwezi kuitoa, maana mkojo ni maji. Kwa hiyo ini huibandika oksijeni ili ianze kuyeyuka kwenye maji. Kazi hiyo hufanywa na CYP2E1, na kwa kemikali nyingi utaratibu huo ni salama kabisa. Kwa pete ya benzini, oksijeni ikishabandikwa, kinachozaliwa ni oksidi ya benzini, kitu kisichotulia kinachotafuta pa kujishikiza.

Kutoka hapo njia zinagawanyika, na karatasi yako ya majibu inahusu njia moja tu kati ya hizo.

Njia ya kwanza ni ya heri. Oksidi ya benzini inakutana na glutathioni, kinga ambayo kila seli inayo, inafungwa, kisha inatoka kwenye mkojo ikiwa kitu kiitwacho asidi ya fenilimerkapturi. Likumbuke jina hilo, tutalihitaji.

Njia ya pili, pete inapasuka. Ikipasuka inakuwa mnyororo wenye ncha mbili kali, mukonaldehidi, na kila ncha inaweza kushika protini au DNA. Isiposhika chochote, inapozwa na kuwa asidi ya mukoni. Hiyo ndiyo iliyoonekana kwako. Asidi yenyewe haidhuru, ila kuwepo kwake kunaonyesha kwamba mukonaldehidi ilipita mwilini mwako. Kumtuliza mtu kwa kumwambia asidi ya mukoni haina madhara ni kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Njia ya tatu ndiyo pana kuliko zote. Oksidi ya benzini inajipanga upya yenyewe na kuwa fenoli. Fenoli nyingi hufungwa na ini na kutolewa. Sehemu yake, hata hivyo, inarudi kwa CYP2E1 ileile na kubandikwa oksijeni ya pili, inakuwa hidrokwinoni. Nyingine huishia kuwa katekoli. Hidrokwinoni inaingia kwenye damu, inasafiri, inafika kwenye uboho wa mifupa. Hapo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Kwa nini uboho, wakati ini ndilo linalotengeneza vitu hivi, na benzini haijulikani sana kwa kuleta saratani ya ini? Sababu moja kubwa ni kimeng'enya kingine, mieloperoksidasi. Seli changa zitakazokuwa seli nyeupe za damu zimejaa kimeng'enya hiki, na kazi yake halali ni kutengeneza kemikali ya kuua vijidudu, ya jamii ileile ya dawa ya kung'arishia nguo. Hidrokwinoni ikifika hapo, mieloperoksidasi inaipokonya elektroni na kuigeuza benzokwinoni. Katika familia nzima ya mazao ya benzini, hii ndiyo inayotajwa zaidi kama mharibifu. Tena imetengenezewa palepale, ndani ya karakana ya damu, haikupata hata nafasi ya kupungua njiani.

Fenoli nayo haiko kando. Mwaka 1987 watafiti waliwapa panya fenoli peke yake, wengine hidrokwinoni peke yake, wengine zote mbili pamoja. Zilipotolewa pamoja, uboho uliharibika kuliko kila moja ilipotolewa pekee, na picha ikafanana na ile ya benzini yenyewe. Maelezo yanayokubalika ni kwamba fenoli huichochea mieloperoksidasi ifanye kazi kwa kasi zaidi juu ya hidrokwinoni. Ndiyo maana ukimwuliza mtaalamu makini ni zao gani hasa linaloleta saratani, hatakutajia moja. Nijuavyo mimi, swali la "lipi" lilipoteza maana siku ile. Haya mazao yanashirikiana.

Mwili una mrekebishaji pia. Kimeng'enya NQO1 huirudisha benzokwinoni kuwa hidrokwinoni, hali yenye utulivu zaidi. Shida ni kwamba baadhi ya watu wamerithi aina ya NQO1 isiyofanya kazi, na wengine wamerithi CYP2E1 yenye kasi. Utafiti wa wafanyakazi wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1997 uliwakuta wale wenye vyote viwili, mvunjaji mwenye kasi na mrekebishaji asiyefanya kazi, wakiwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kupata sumu ya benzini kwenye damu ukilinganisha na wasio na hata kimoja. Kwa hiyo ukiona mwenzako kafanya kazi ileile miaka ileile na yuko salama, usimchukue kuwa ushahidi wa usalama wako.

Sasa benzokwinoni inafanya nini ikiwa ndani ya seli? Inashika protini, hasa sehemu zake zenye salfa, na kuzilemaza. Protini mbili kati ya zinazoguswa zina uzito wa pekee.

Moja ni topoisomerasi ya pili. Kila seli ina uzi wa DNA wa karibu mita mbili, uliogawanyika katika vipande viitwavyo kromosomu na kukunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho, na uzi huo husokotana kila unaponakiliwa. Topoisomerasi hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine katikati, kisha huunga palepale ilipokata. Ikilemazwa wakati imeshakata na haijaunga, DNA inabaki imekatika pande zote mbili. Seli itajaribu kuunga, na mara nyingi itafaulu. Mara nyingine ncha ya kromosomu moja inaungwa na ncha ya kromosomu nyingine.

Ya pili ni tubulini, protini inayotengeneza kamba za kuvuta kromosomu kila upande seli inapogawanyika. Kamba zikilegea, seli moja inaondoka na kromosomu pungufu na pacha wake anaondoka na ya ziada. Kwa wafanyakazi waliovuta benzini nyingi, mambo yote mawili yameonekana kwa darubini katika seli zao za damu: kromosomu ya 7 iliyopungua, ya 8 iliyozidi, na vipande vya 8 na 21 vilivyobadilishana mahali. Si kromosomu za kubahatisha. Ni kasoro zilezile zinazokutwa kwa wagonjwa wa lukemia kali ya mieloidi, aina ya saratani ya damu ambayo benzini inashutumiwa kuliko zote.

Shahidi mwingine alitoka wodi za saratani. Dawa ya etoposidi inatibu saratani kwa kuilemaza topoisomerasi hiyohiyo ya pili, makusudi. Wachache kati ya wagonjwa wanaopona kwa dawa hiyo hupata lukemia kali ya mieloidi miaka michache baadaye, ilhali dawa yenyewe ilishatoka mwilini zamani. Kwa mawazo yangu huo ni ushahidi mzito kuliko jaribio lolote la panya, kwa sababu unahusu watu na tarehe ya kila dozi inajulikana.

Hapo ndipo fumbo lako la muda linafumbuka. Benzini inaondoka, benzokwinoni inakwisha, asidi ya mukoni unaikojoa. Seli yenye kromosomu iliyoungwa vibaya haiendi popote. Nyingi ya seli hizo hufa au huuliwa na kinga ya mwili. Ila ikitokea kasoro imeangukia seli mama ya damu, ambayo kazi yake ni kujigawa maisha yote, kosa linanakiliwa kama kosa la chapa kwenye kitabu kinachochapishwa upya kila mwaka. Uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu zinazokadiriwa kufika bilioni 200 kwa siku, kwa hiyo nafasi za kunakili ni nyingi mno. Kosa moja kwa kawaida halitoshi kuleta saratani. Yanahitajika mengine juu yake, na hayo huja polepole.

Kuna jambo la ziada ambalo halisemwi sana. Mazao hayahaya ya benzini huua seli mama nyingi zenye afya. Seli moja iliyoharibika na ikajifunza kustahimili sumu inajikuta ina nafasi tele ya kujitanua, maana majirani wamepungua. Ndiyo sababu tunapoona seli nyeupe za mfanyakazi zinashuka hatusemi "ni upungufu mdogo wa damu, utapita".

Upande wa watu, hakuna ubishi tena kama benzini inaleta lukemia. Miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy aliripoti kutoka Istanbul kundi la mafundi viatu wenye lukemia kali, waliokuwa wakitumia gundi yenye benzini ndani ya vyumba vidogo. Mwaka 1977 ikafuata taarifa ya wafanyakazi wa viwanda vya mpira mwembamba huko Ohio, Marekani, ambao vifo vyao vya lukemia vilizidi mno matarajio. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzini kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu. Marekani ilishusha kikomo cha kazini kutoka sehemu 10 kwa milioni ya hewa hadi sehemu 1 mwaka 1987. Hata hiyo moja haikumaliza hadithi: mwaka 2004 utafiti wa mafundi viatu wa Tianjin, Uchina, ulikuta seli nyeupe zimepungua hata kwa waliokuwa wakivuta chini ya sehemu moja kwa milioni. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba hakuna kiwango cha benzini kinachoweza kupendekezwa kuwa salama.

Kabla sijaja kwenye karatasi yako, niruhusu nikuonyeshe tolueni, kwa sababu yamkini iko kwenye thina yenu. Ni pete ileile ya benzini, imeongezewa kaboni moja pembeni. Hiyo kaboni ya pembeni ndiyo inayoiokoa damu. Mwili unapotaka kubandika oksijeni unaikuta ni rahisi kuibandika pale pembeni kuliko kwenye pete, na matokeo yake ni asidi ya benzoi, ambayo ini huifunga na figo kuitoa. Pete haiguswi sana. Tolueni ina ubaya wake, inaumiza ubongo na mishipa ya fahamu, usiichezee. Lakini haihesabiwi miongoni mwa visababishi vya lukemia. Kemikali mbili zinazokaribiana hivyo, moja inaleta saratani ya damu na nyingine haileti, na tofauti iko kwenye namna mwili unavyozivunja.

Haya, karatasi yako. Asidi ya mukoni hupungua kwa nusu kila baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kipimo hicho kinazungumzia zamu uliyotoka kufanya. Hakisemi lolote kuhusu miaka yako ya nyuma, wala hakisemi kama una saratani au utaipata. Mkojo unatakiwa uchukuliwe mwisho wa zamu. Kama wenu ulichukuliwa asubuhi kabla ya kazi, basi kipimo kimepunguza hali halisi. Upande wa pili, majibu yaliyozidi kidogo yanaweza kudanganya. Asidi ya sorbi, inayowekwa kwenye vyakula na vinywaji vingi vya viwandani visioze, nayo hugeuzwa kidogo mwilini kuwa asidi ya mukoni. Na kama unavuta sigara, moshi wake una benzini yake, nao utaonekana kwenye mkojo.

Ndiyo maana nakushauri uombe kipimo cha ile asidi ya fenilimerkapturi niliyokuambia uikumbuke. Hiyo haitokani na chakula. Ikiwa nayo imezidi, ni benzini kweli. Pamoja nacho omba picha kamili ya damu, yaani hesabu ya seli nyeupe za kila aina, chembe nyekundu na chembe sahani. Tunza nakala mwenyewe. Hesabu moja iliyo ndani ya kiwango haina maana kubwa kama hesabu tano za mfululizo zinazoshuka taratibu huku zote ziko "ndani ya kiwango". Ukianza kuchoka pasipo sababu, kutoka damu kwenye fizi, kupata michubuko bila kugongwa, au homa zisizoisha, usingoje kipimo cha mwaka.

Usinunue dawa za "kusafisha damu" au "kusafisha ini". Umeshaona kwamba ini lako halijashindwa kazi, na ukiifanya CYP2E1 ichangamke zaidi unaongeza mazao yaleyale tunayoyakimbia. Pombe inafanya hivyo hasa: mnywaji wa kila siku ana CYP2E1 nyingi kuliko asiyekunywa, na panya waliopewa pombe pamoja na benzini waliharibikiwa damu kuliko waliopewa benzini peke yake. Kama unakunywa, punguza au acha. Sigara acha kabisa, maana hapo unaiongeza benzini yenyewe.

Kubwa ni kutoivuta. Kitambaa mdomoni na barakoa ya vumbi havizuii mvuke hata kidogo. Inayotakiwa ni barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kikaboni, inayokaza usoni, na kichujio kibadilishwe kabla hakijajaa. Hewa ivutwe nje pale inapotoka, karibu na mkono wa fundi, kwani feni ya kuzungusha hewa ndani inagawa tu mvuke kwa wote. Usinawe mikono kwa petroli wala thina.

Halafu mwombe msimamizi, kwa upole lakini kwa maandishi, karatasi za usalama za kila gundi na thina mnayotumia. Mtengenezaji anazo. Kwenye orodha ya viambato tafuta namba 71-43-2. Hiyo ni benzini, kwa jina lolote la kibiashara itakalovaa. Bidhaa yenye namba hiyo ibadilishwe, zipo gundi na thina zisizokuwa nayo. Ikiwa haimo popote na kipimo cha pili nacho kimezidi, basi benzini inaingia kwa njia nyingine, na mtaalamu wa afya kazini aje apime hewa ya karakana wakati kazi inaendelea.

Na kwa miaka uliyokwisha kuvuta: uchunguzi wa wale wafanyakazi wa Ohio uliorudiwa baadaye ulionyesha kwamba benzini iliyovutwa ndani ya miaka kumi hivi ya karibuni ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye hatari ya lukemia, na hatari hiyo hupungua kadiri muda unavyopita tangu mtu aache kuivuta. Kwa hiyo anza na barua ya msimamizi wiki hii, kipimo cha damu kifuate.